Tone Moja la Bahari

Fundi cherehani alikuwa haambiliki: kipimo chake cha kioo, kinachoelea tangini, kilisema chumvi inatosha. Mbona basi samaki wake wa baharini walikuwa hoi? Shemeji yake, fundi miwani, akamletea kidarubini cha kupimia chumvi.

"Tia tone moja la maji ya tangi hapa, shemeji, kisha chungulia kwenye kidirisha chake."

Akatazama. Loo! Ndani ya tone lile mpaka wa buluu ulikuwa umetulia kwenye namba, chini sana ya namba ya kile kipimo cha kioo.

Akainamia tangi. Viputo tele vya hewa, vidogo kuliko tundu la sindano, vilikuwa vimeng'ang'ania kipimo na kukinyanyua. Akavifuta kwa kidole. Kipimo kikazama polepole, kikasimama kwenye namba ile ile ya tone.

Akashika kifua. "Mwezi mzima nilikuwa napima hewa! Shemeji, hiki kidarubini usahau, hakirudi kwako tena."