Salamu za Venanti

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki kusingizia kitu kingine. Novemba mwaka 2015 nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika dogo pale Kibondo. Tuliwatafutia wakimbizi wa Burundi watoto waliopotezana nao njiani. Kambi ya Nduta ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa upya. Wazazi wengi walikuwa kwetu, watoto wao wakiwa kambi ya upande wa Kasulu. Majina ya watoto yalipita kwa barua pepe tu. Kuyataja kwenye simu ilikuwa mwiko, maana aliwahi kutokea mjomba wa uongo akachukua mtoto asiye wake.

Fundi mwenzangu wa Kasulu aliitwa Venanti. Kila siku saa moja na nusu asubuhi seva yake, ile kompyuta inayotuma na kupokea barua za ofisi, ilituma kwetu barua ya maneno mawili: "Mwakeye, Kibondo?" Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kiha. Ilijituma yenyewe, na ikifika tulijua njia ya barua ni nzima. Mimi mtoto wa Tukuyu sikujua Kiha kingine zaidi ya hicho.

Mwishoni mwa Oktoba Venanti alianguka na pikipiki akafa. Tulimzika Jumapili. Jumatatu, saa moja na nusu, ikaingia: "Mwakeye, Kibondo?" na chini yake jina lake.

Immakulata wa dawati la watoto alipiga yowe, akafanya ishara ya msalaba. "Kaka Lusajo, marehemu hasalimii watu bure. Kuna kitu anataka."

Nikamwambia mashine haina mzimu, aache ushamba. Mdomoni nilikuwa jasiri. Lakini kila asubuhi niliingoja ile salamu, na ikifika nilimsikia kabisa, na ile tabia yake ya kuivuta "Kibondo" kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Nilimpenda yule bwana. Wiki ya tatu, Jumatatu, nikashindwa. Hasira ikanipanda, nikaiamuru seva yetu isipokee tena chochote kutoka kwa seva ya Venanti. Kasulu walikuwa wameshaletewa seva mpya; nikajua ile ya marehemu imebakiwa na salamu zake tu. Sikumwuliza mtu.

Jumanne asubuhi palikuwa kimya. Nilikunywa chai yangu kwa raha.

Wiki hiyo benchi letu la nje lilikuwa na mama mmoja, Uwimana. Mwanawe Tharsisi, wa miaka sita, alimponyoka katika msukumano wa watu mpakani, karibu na Mabamba. Kila siku aliomba lifti kutoka Nduta, akaja kuuliza jambo lile lile.

"Mwana wanje, mwanangu, hajaonekana bado?"

"Bado, mama," Immakulata alimjibu. Alikuwa amelituma jina Kasulu Jumatatu, akalirudia Jumatano. Hakuna jibu. Tukasema ni mvua. Kwetu mvua ikinyesha mtandao hulala, na hakuna anayeshangaa.

Jumamosi nikampigia simu Esteri, wa dawati la watoto kule Kasulu. "Mbona hamjibu barua za watu?"

Akaja juu. "Tumejibu mara tatu! Na kwa mvua hizi simu zenu hazipatikani. Ninyi ndio mmekaa kimya!"

Nikapima laini, nzima. Barua zetu zilifika kwake, zake hazikufika kwetu. Nikamwomba aangalie foleni ya barua zinazosubiri kutoka.

"Zote zimekwama hapa," alisema. "Imeandikwa: Kibondo imekataa muunganisho."

Imekataa. Mtandao uliolala haukatai kitu. Kukataa ni kazi ya mtu. "Zinapitia seva gani, dada?"

"Ya Venanti. Kwani kuna nyingine?"

"Na ile mpya?"

"Iko kwenye boksi. Matanga bado hatujaanua, kaka. Nani angegusa kitu cha marehemu?"

"Barua zikikwama, seva si hutoa onyo?"

"Onyo linaenda kwenye sanduku la barua la Venanti."

Kwa siku tano, basi, aliyearifiwa kwamba nimefunga mlango ni marehemu peke yake.

Nikafuta ile amri yangu. Salamu tano ziliingia kwanza, moja baada ya nyingine, kila moja na siku yake. Kisha zikaja barua za Esteri kuhusu Tharsisi. Ya Jumanne ilisema: amepatikana, kovu la gotini ni lile lile. Ya Alhamisi ilisema: ana homa kali, anamwita mama yake, mleteni leo hii. Ya Jumamosi asubuhi ilisema amefariki usiku, na mazishi ni saa kumi.

Kutoka Kibondo hadi kule ni saa tatu, nne kukiwa na matope. Alhamisi gari letu lilishinda limeegeshwa uwani.

Immakulata alisoma begani kwangu. Aliiona amri niliyoifuta pia, na jina la seva. Akatoka, akamshika mama yule mikono, akamwambia. Uwimana hakulia. Aliniangalia mimi, kwa kuwa alijua mimi ndiye fundi.

"Barua ya kwanza iliandikwa Jumanne?"

"Ndiyo, mama."

"Ni nani aliyeichelewesha?"

Niliyasikia maneno yakinitoka, na hadi leo bado nayasikia. "Ni mtandao, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akajifunga kitenge vizuri. "Mungu wetu Imana ausamehe huo mtandao," alisema. Kisha akanishukuru kwa kuuponya, akanishika mkono kwa mikono miwili, akapanda gari limpeleke mazishini.

Nilifungua mdomo nimwambie. Dereva akawasha gari, nikaufunga.