Nikataze Tena

Mkunga alipoanguka na baiskeli mbele ya kinyozi wa mtaa, watu walicheka hadi wakashika mbavu. Alikuwa ameruka chini kabla baiskeli haijasimama, na pindo la gauni likanaswa kwenye mnyororo. Kinyozi mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe, alimwinua huku akimfokea.

"Shemeji, umri wako si wa kupanda vyuma. Kaka hayupo, basi mimi nakukataza."

"Kaka yako mwenyewe hakuthubutu," alijibu, akaikokota baiskeli hadi nyumbani na kifundo cha mkono kimevimba.

Mkono ulipopona, akavaa suruali ya marehemu, akaanza mazoezi uani. Kupanda hakukumsumbua: alibana breki zote mbili, akailaza baiskeli kidogo, akavusha mguu, akaachia breki, akasukuma pedali. Kushuka ndiko kulikomtoa jasho. Ilibidi asimame kabisa kwanza, akanyage chini kwa mguu mmoja, ndipo avushe wa pili. Alichubuka magoti, akalaani, akarudia.

Asubuhi moja, akitoka kuzalisha mtaa wa pili, alielekea kwa kinyozi, mkoba wa kazi mgongoni. Wateja wakatoka mbio kuwahi kichekesho. Mkunga akabana breki mlangoni, baiskeli ikatulia tuli, naye akashuka kama mtu anayeshuka kitandani kwake.

"Haya, shemeji. Nikataze tena."

Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, akashusha wembe. Hakuna aliyecheka. Mkunga akapanda bila haraka, akaenda zake.