Siku Fundi Cherehani Alipofungua Injini

Mzee alikuwa dereva wa malori mstaafu, na baada ya watoto wake hakuna alichokipenda kama gari dogo la zamani lililolala bandani kando ya nyumba. Mkewe, fundi cherehani, aliliita mke mwenza. "Mwenzangu ameamkaje?" angeuliza asubuhi, pini mdomoni, na mzee angejibu bila kucheka kwamba ameamka salama.

Lakini siku hizo gari halikuamka salama. Kila gari lilipowashwa lilitema moshi wa buluu ukajaa uani, mpaka nguo kwenye kamba zikanuka oili. Likiteremka mlima, mzee akiachia pedeli ya mafuta, wingu jingine. Alijua ugonjwa na alijua dawa. Zilikuwa sili za valvu, vikofia vidogo vya mpira vinavyozuia oili isichuruzike kwenye silinda. Zilikuwa zimekauka. Sili mpya alishazinunua, ziko kabatini. Kilichomshinda ni mikono.

Ilianza kutetemeka mwaka uliopita. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge, vikasaidia kidogo. Vifungo vya shati sasa alifungwa na mkewe, na wakati wa kufunga wote wawili walizungumza mambo mengine.

Asubuhi moja alisimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea.

"Mama watoto, una kazi nyingi?"

"Nyingi tu. Kwani?"

"Nataka kukuazima vidole."

Mkewe alicheka, kisha akamwona usoni, akazima cherehani.

Bandani, mzee alimwelekeza na mama akafungua. Kazi ya nguvu mzee aliiweza mwenyewe: nati kubwa hazijali mkono unaotetemeka. Kifuniko cha juu ya injini kilipoinuka, mama alirudi nyuma hatua moja. Alitegemea uchafu. Alichokiona ni springi zimejipanga mbili mbili, na juu yake vyuma vidogo vilivyoinamiana kama watu wanaonong'onezana, vyote vimepakwa oili ya rangi ya asali, vinang'aa pale viliposuguana miaka yote.

"Hivi vimekuwa humu tangu unanichumbia?"

"Hivyo hivyo."

"Na hukuwahi kunionyesha!"

"Ulisema hutaki kuona uso wa mwenzako."

Mama aliendelea kutazama. Mzee alimwambia azibe matundu yote yanayoshuka chini kwenye injini, akayaziba kwa vipande vya kitambaa kutoka kwenye kapu lake. Vile vyuma vya juu vikatolewa, plagi zikafunguliwa. Kisha mzee akaeleza hatari iliyopo. Springi ikitolewa, valvu haina cha kuishikilia. Ikidondoka ndani ya silinda, itabidi injini yote ivuliwe nguo.

"Sasa tunaishikiliaje, nasi hatuioni?"

"Kwa kamba."

Alichukua kipande cha kamba safi ya kuanikia nguo, wakaishindilia polepole ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, ncha ikabaki nje. Mzee akaweka spana kwenye nati ya mbele, akaizungusha injini kwa mkono. Humo ndani pistoni ilipanda, ikaisukuma kamba juu, kamba ikajibana chini ya valvu. Spana ikagoma.

"Imeshika," alisema.

Mama aliigusa ile ncha ya kamba kwa kidole kimoja. Chuma chote hiki, na kilichoizuia valvu isianguke ni kitu alichokianikia mashuka.

Mzee aliikandamiza springi kwa wenzo, na mle juu vikaonekana vibanio viwili, vyembamba kama kucha za mtoto, vilivyoishika valvu shingoni. Mama akanyoosha kidole. Hapo hapo mkono wa mzee ukaruka, wenzo ukateleza, springi ikafyatuka, na kibanio kimoja kikapotea.

Mzee aliketi juu ya ndoo. "Kama kimeingia ndani, nimeliua gari hili kwa mkono wangu."

"Usisogee. Hata usipumue sana," alisema mama kwa sauti ile anayoitumia pini inapoanguka kwenye zulia. Alikwenda chumbani, akarudi na sumaku yake ya kuokotea pini. Aliipitisha taratibu kando ya kila springi, pembeni, nyuma, kwenye kila mkunjo wa vitambaa alivyozibia. Kimya. Kisha, chini ya mrija wa maji, tik.

Mzee alifunika uso kwa viganja.

"Bega lako linatetemeka?" mama aliuliza.

"Hapana. Mikono tu."

"Basi tumia bega."

Akaulalia wenzo kwa bega, uzito wake wote, na springi ikatulia kama imeganda. Mama akachomoa vibanio, akaitoa springi, akaing'oa sili kuukuu. Ilivunjika vidoleni mwake.

"Lastiki imekufa," alisema. "Kama ya sketi."

"Umepatia!"

Aliipaka sili mpya oili, akaiteremsha kwenye shina la valvu, akaikandamiza mpaka ikakaa. Alibandika vibanio kwa grisi kidogo, akavirudisha kwa ncha ya bisibisi, wala havikuyumba. Mzee aliviona vikiingia mahali pake. Alikuwa ameifanya kazi hii mara nyingi maishani, lakini hakuwahi kuitazama tu. Wakaenda valvu ya pili, na iliyofuata, na mchana wote ukaishia hapo.

Kila kitu kiliporudishwa na kamba kutolewa, mzee hakufunga kifuniko. "Ngoja uone," alisema, akawasha.

Springi zikaamka. Zilishuka na kupanda kwa zamu, hakuna iliyogongana na mwenzake, kwa kasi ya sindano ya cherehani, na matone ya oili yakamrukia mama mashavuni asiyafute. Moshi ulitoka kidogo, mabaki ya zamani, ukapungua, ukaisha. Mama hakuugeukia. Mzee naye hakuitazama injini. Alikuwa anavitazama vile vidole vyeusi vya mkewe.

Walifunga kifuniko, wakateremka nalo mlima na kurudi, barabara nyuma yao nyeupe, bila moshi.

Jioni, mteja aliyekuja kuchukua gauni lake alimkuta fundi wake bandani, boneti wazi, ameinamia injini inayounguruma.

"Kuna nini humo?" mteja aliuliza.

 Mama akasogea pembeni kumpisha.

"Njoo usikilize," alisema.