Mtindi Ndani ya Mnara wa Kioo

Saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, mafuta na maji yalikataa katakata kuachana.

Aulikki Hannula aliusogeza uso wake kwenye mnara wa kioo, kazi yake ya miaka miwili, akatamani kulia. Maji yenye nikeli huingia mnarani, mafuta ya taa yenye dawa nayo huingia, kisha hewa inayopulizwa kutoka chini huyakoroga mpaka mafuta yainyakue nikeli. Baadaye kila kimoja hushika njia yake. Leo wapi! Mnara mzima ulikuwa mtindi mtupu, na povu lilikuwa likipanda.

"Reino! Umefungua hewa kiasi gani?"

"Kiasi ulichoniambia." Fundi Reino Kivelä, mwenye miaka sitini na moja, hakupandisha hata sauti. "Tazama geji."

"Geji imekwama, basi! Hewa imezidi, hata mtoto mdogo anaona."

"Aje huyo mtoto aendeshe yeye."

Reino akapunguza hewa kwa nusu nzima. Povu likazidi kupanda.

Bosi wao, Rautakorpi, akaja na kikombe cha kahawa mkononi. "Reino tena? Si nilisema, kosa moja zaidi unakwenda nyumbani? Aulikki, niandikie kwamba alizidisha hewa. Sentensi moja yatosha."

Reino alimtazama Aulikki. Mtu wa Satakunta, mkoa wao huko Ufini, hajitetei mara mbili.

Aulikki alishika kalamu, lakini moyo ulisita. Akafungua koki, akakinga mtindi kidogo, akausugua kati ya vidole vya glavu. Utelezi wa mafuta aliujua. Huu ulikuwa mwingine. Mara akakumbuka. Jumapili, ili wageni waliotarajiwa Jumatatu wasikute kioo kina ukungu, aliusugua mnara kwa ndani kwa sabuni ya msonobari, ileile ambayo mama yake alioshea mazulia, sauna na mbwa. Akausuuza mara moja tu, chapuchapu.

Mhandisi mzima, asijue sabuni huyafanyia nini mafuta na maji!

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akisema, mnara umekwisha, maana jaribio hili ndilo lilikuwa la mwisho, na ni kosa la fundi tu ambalo lingempa jingine. Akinyamaza, Reino anabeba kosa lisilo lake mpaka kwao. Aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa.

"Siandiki," alisema. "Ni mimi. Niliuosha kwa sabuni ya msonobari."

Rautakorpi aliweka kikombe chini. "Unajua maana yake?"

"Najua."

"Ijumaa mnara unang'olewa." Akaenda zake.

Reino alifunga hewa.

"Nisamehe, Reino."

"Miaka thelathini na nane hapa nimeitwa mvivu, mlevi, kiziwi," Reino alisema. "Kuombwa radhi, ndiyo mara ya kwanza leo."

Akaukokota mpira wa maji, akamwekea mkononi.

"Leo Jumanne, Ijumaa bado. Suuza."