Petro Alivyovuka Barabara

Jumamosi ya ziara, Générose aliwahi kanisani kuchemsha chai, akakuta dirisha la vioo vya rangi lenye picha ya Mtakatifu Petro limebaki tundu na upepo wa Januari unaingia bila hodi. Petro hayupo, na funguo zake hazipo, na nyavu, na bahari yote ya buluu. Akachungulia nje. Petro alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye dirisha la msikiti. Générose akaziba tundu kwa blanketi, akarudi kwenye birika lake.

Hakukuwa na la kushangaza. Wiki hiyo mtu alipita na gari akalirushia jiwe dirisha la msikiti, kioo kikamwagika juu ya mazulia. Shekhe Warsame aliwapigia polisi, akawangoja, akapiga tena. Hawakuja. Petro, aliyekuwa akitazamana na dirisha lile miaka yote, uvumilivu ulimwishia.

Ziara ilikuwa ya akina mama wa kanisa la Wakongo, waliokodi jengo lile la zamani mjini Saint Paul, Marekani, kila Jumapili mchana, Wazungu wenyewe wakishamaliza ibada yao. Mchungaji Ildephonse alitaka wawajue majirani. Walianzia kwenye hekalu la Wabudha kutoka Laos, wakavua viatu, na mtawa akawaeleza kwamba kipande cha kanzu ya Petro kilipotea njia usiku, kikalala pale jikoni penye joto, kisha kikaendelea na safari. Akina mama wakashukuru kwa niaba ya kipande hicho.

Msikitini walivua viatu tena. Shekhe alikulia Eastleigh, Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima.

"Karibuni, mama zangu. Huyu mtu wenu alifika alfajiri. Kusema ukweli, picha ya mtu haikai mahali pa swala. Lakini watoto wa madrasa baridi ilikuwa inawamaliza. Tukiswali tunamfunika shuka, tukimaliza tunamfunua."

"Hakulalamika?" Générose akauliza.

"Hata. Ni mtu mpole."

Walipovuka kurudi kanisani, magari ya polisi yalikuwa yamejaa mlangoni, taa zinazunguka. Hapo damu ya Générose ikachemka. Jiwe lililala msikitini siku zote hizo likimngoja afisa mmoja tu aje kulitazama. Kioo kimeitiwa kikosi!

Mwenyekiti wa bodi ya kanisa, mzee mrefu mwenye sauti laini, hakubisha kwamba vioo hutembea. Bibi yake, alisema, aliwahi kuona kengele ya kanisa ikishuka mnarani kwenda mazikoni. Lakini mali ni mali. Bima haimjui mtakatifu aliyejiondokea, inamjua mwizi. Na kwa kuwa Générose ndiye aliyefungua jengo, ingetosha awaambie polisi kwamba aliwaona Wasomali wa msikitini wakikibeba kioo. La sivyo, bodi italazimika kulitazama upya suala la Jumapili mchana. Mnyonge hana haki, hilo tulijua. Ila siku hizi huambiwa hivyo kwa upole, na hukaribishwa biskuti.

Mchungaji alimvuta Générose kando, akamwita kwa jina la mwanawe, kama wote walivyomwita.

"Mama Maombi, s'il te plaît, tafadhali. Sema tu. Tutaenda kusali wapi? Hawa bamama bazee habana gari."

Générose akawatazama wale wazee, waliokuja kwa miguu juu ya theluji wakishikana mikono. Aliwapenda, na alijua anawanyang'anya nini. Lakini kwao Uvira aliona nyumba zikichomwa kwa neno la jirani mmoja. Akamgeukia afisa.

"Sikuona mutu. Petro alijiendea mwenyewe, na alifanya vizuri. Na ule mwenye alitupa jiwe, mulishamutafuta?"

Mchungaji akatafsiri huku akitazama viatu vyake. Afisa akajibu kwamba hiyo ni kesi nyingine.

Mafundi wakamng'oa Petro, wakamrudisha kanisani, wakampigia nondo asitoke tena. Msikiti ukabaki na ubao dirishani. Wakongo wakahamia ghala moja huko Blaine, ambako bila gari hufiki, na wale wazee wakawa wanafuata ibada kwa simu, kila mmoja peke yake jikoni kwake. Bodi iliwatumia salamu kwamba Mungu yuko kila mahali.

Mwaka uliofuata kanisa la Wazungu lilipenda wazo la ziara, likaifanya yake. Générose alikuja kama mgeni. Kiongozi akawapanga mbele ya dirisha. Petro alikuwa amewageuzia mgongo. Kilichoonekana ni kisogo, kanzu na visigino. Mtindo huu ni adimu sana, kiongozi akaeleza, na watu wakapiga picha.

Générose akatoka, akasimama barabarani ili amwone uso. Petro alikuwa amezeeka. Alikuwa akiutazama ubao wa msikiti, ambapo mtu alikuwa ameandika tusi kwa rangi nyekundu, nayo bado ilikuwa ikichuruzika. Générose akatoa simu, akawapigia polisi. Akaambiwa angoje.