Nyuzi Sita

Jumapili ile Otilia alitakiwa awe kwao Muze, bondeni, tangu mapema, amejifunga kitenge kipya, anapokea wageni wa komunyo ya kwanza. Badala yake saa moja asubuhi ilimkuta Sumbawanga, peke yake ndani ya stoo ya kiwanda, akibonyeza pakiti za maharage kwa kidole gumba. Anabonyeza, anairudisha kwenye rafu, anachukua nyingine. Jana jioni alikuta mbili zimevimba, na tangu hapo usingizi ulimpiga chenga.

"Karatasi imeingia unyevu tu," bosi wake, Alphonce, alimwambia kwenye simu usiku huo. "Tutaangalia Jumatatu."

Mtu mwingine angetulia. Otilia alijua kwamba unyevu hulainisha kona za pakiti, hauipi pakiti tumbo. Na leo tayari alikuwa amefika ya tano.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo. Maharage yalichemshwa nusu, yakamiminwa pamoja na mchuzi wake yangali ya moto kwenye pakiti ya karatasi nene iliyopakwa plastiki ndani, mdomo ukabanwa kwa chuma cha moto. Kisha pakiti zilipangwa kwenye trei na kusukumwa ndani ya mtungi mkubwa wa mvuke. Humo mtungini ndimo ilimokuwa kazi. Mvuke ulipanda mpaka nyuzi mia na ishirini na moja, ukakaa hapo kwa dakika zilizoandikwa, mpaka hata wale vijidudu wenye roho ya paka wakafa. Ukizidisha dakika, karatasi inalowa kingo na pakiti inalegea kama tambara la deki. Ukipunguza moto, vijidudu wagumu wanabaki hai ndani ya pakiti isiyo na hewa, nao hutengeneza sumu ambayo huwezi kuinusa wala kuionja, na inaua. Aliyesimama hapo katikati na kutia saini alikuwa Otilia.

Shehena ya kwanza yote ilikuwa bado stoo, ikisubiri siku zake za kuangaliwa kabla ya kuuzwa. Yote isipokuwa pakiti kumi na mbili. Hizo alizitoa mwenyewe Jumatano, akazifunga kwenye khanga na kumpelekea mama yake kwa ajili ya sherehe. Ilikuwa ni kuvunja sheria, tena sheria aliyoibandika ukutani kwa mkono wake. Lakini jamani, mtu amepata kazi ya maana kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na minne, halafu aende kwao mikono mitupu?

Alifungua daftari la mtungi. Mia na ishirini na moja, mia na ishirini na moja, ukurasa mzima, mwandiko wake mzuri. Akachomoa kipimajoto cha mtungi, akachukua na vingine viwili vipya kabatini, akavuka uwanja karibu anakimbia kwenda jikoni. Kabula, mpishi wa kiwanda, alikuwa anapika chakula cha walinzi. Yeye alitoka familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Dada, unataka kuchemsha hivyo vidude?"

"Nipe maji yanayochemka, Kabula. Haraka."

Kipimajoto cha mtungi kilisimama kwenye mia moja. Cha pili kilisimama kwenye tisini na nne. Cha tatu nacho, tisini na nne. Otilia alivikung'uta, akavirudisha majini, vikasema vilevile.

"Haya maji yanachemka au hayachemki?"

"Si unaona yanavyoruka?" Kabula alicheka. "Ila maji ya huku kwenu yanachemka kwa uongo. Kule bondeni nikiinjika maharage, muda mfupi tu yameiva. Huku juu nayabembeleza mpaka kuni zinaniishia. Ni mlima huu, dada. Maji yanaruka kabla hayajapata moto wa kweli."

Otilia alishika ukingo wa meza. Mwezi uliopita, kipimajoto kipya kilipoletwa, alikijaribu kwa maji yanayochemka kama alivyofundishwa chuoni, kule pwani. Kikaonyesha tisini na nne. Akasema ni kibovu, akageuza skrubu ya nyuma taratibu mpaka mshale ukafika mia, na Alphonce akampigia makofi mbele ya wafanyakazi wote: huyu ndiye mtaalamu! Na somo lenyewe alilisoma tangu kidato cha pili, kwamba ukipanda juu maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Alilijibu kwenye mtihani na akapata. Amezaliwa bondeni, ameolewa mlimani, amepika maharage kote kuwili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kipimajoto kilikuwa kizima, yeye ndiye aliyekidanganya, na kila mtungi aliousainia kwa mia na ishirini na moja ulikuwa umeishia mia na kumi na tano.

Alimpigia Alphonce, akamweleza yote bila kujitetea.

"Funga stoo, ukae na ufunguo," Alphonce alisema. "Bahati hakijatoka kitu." Kisha, "Otilia? Hakijatoka kitu, sivyo?"

"Zimetoka kumi na mbili. Ziko kwa mama yangu, Muze. Leo ana wageni."

"Nenda," Alphonce alisema. "Mengine tutaongea ukirudi."

Simu ya mama yake iliita mpaka ikakatika. Ya jirani haikupatikana. Watu wote walikuwa kanisani, na Dominika, mama yake, siku za sherehe hufungia simu kabatini asisumbuliwe. Otilia alichukua bodaboda ya kijana mmoja anayeitwa Gabriel, akamwambia aendeshe asiangalie nyuma.

Barabara ya kuteremka bondeni ni ya kona na mawe. Otilia aliomba mwendo uongezwe, kona ikija akaomba upunguzwe, wakivuka kona anamgonga Gabriel begani tena.

"Mama, chagua moja," Gabriel alisema. "Tufike au tuwahi?"

Kadiri walivyoshuka, joto lilizidi, naye aliwaza jinsi joto hilo linavyokaa ndani ya nyumba ya bati, juu ya pakiti zake, mchana kutwa, tangu Jumatano.

Walifika saa saba. Chini ya turubai wageni walishakaa, na katikati alikaa Edith, mtoto wa marehemu mama mdogo anayelelewa na Dominika, na gauni lake jeupe. Katekista Teodori alikuwa amesimama kubariki chakula. Dominika alishika upawa juu ya sufuria kubwa, uso unang'aa.

"Huyo amefika!" Dominika aliwaambia wageni. "Haya maharage mnayoyaona katengeneza yeye, kiwandani."

"Shikamoo, Mama. Usipakue."

"Marahaba. Una nini wewe?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: kwamba wamekosea mzigo, kwamba haya ni ya mtu mwingine. Mama yake angebaki na heshima yake. Otilia aliwatazama wale watu waliomjua tangu anatambaa.

"Maharage haya yanaweza kuwa na sumu," alisema. "Niliyapika mimi, nikakosea. Msile."

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha. Dominika alisema kwa sauti ya chini, "Otilia, usinivue nguo mbele za watu." Lakini Otilia alishainua sufuria. Aliibeba mpaka nyuma ya nyumba, akaimwaga shimoni, akafukia kwa jembe. Hakuna aliyekuwa amekula. Aliingia jikoni kuhesabu pakiti tupu. Zilikuwa kumi na moja.

"Mama, nyingine iko wapi?"

"Nilikula jana jioni."

"Uliichemsha?"

"Niichemshe ya nini? Si ulisema imeshapikwa? Nilishindwa kungoja." Dominika alikuwa bado amenuna. "Tena nilichagua ile iliyotuna. Nikaona hiyo ndiyo wameijaza vizuri."

Kwenye kituo cha afya, tabibu Jane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamulika macho ya Dominika na kumpa maji ayameze. Alisema kwa sasa haoni kitu, ila dalili zinaweza kuchelewa siku moja, mbili, hata zaidi. Gari la wagonjwa alishaliita lije lisubiri mlangoni. Kope zikilegea, akishindwa kumeza, au akianza kuona mtu mmoja kama wawili, watapanda naye Sumbawanga papo hapo.

Dominika alilala kitandani na kitenge chake cha sherehe, viatu ameviweka juu ya kiti visiibiwe. Otilia alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama, nitazame. Unaona wangapi?"

"Mmoja."

Hazikupita dakika tano. "Na sasa?"

"Mmoja, Otilia. Kaa chini, unanizungusha kichwa."

"Kichwa kinazunguka?"

"Wewe ndiye unayekizungusha."

Alikaa. Nje jua lilikuwa bado kali. Dominika alitazama dari, akasema, "Yalikuwa matamu. Chumvi tu ndiyo ilipungua."

Hapo Otilia alilia, kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia tangu asubuhi. Alijifuta kwa kiganja, akainama karibu na uso wa mama yake.

"Mama. Unaona wangapi?"

Dominika alipepesa macho, akayafikicha kwa pindo la kitenge, akapepesa tena.

"Mmoja," Dominika alisema, na akamshika mkono. "Nilizaa mmoja, namwona mmoja. Uliza tena."