Kicheko cha Jikoni

Sista Benta aliponiruhusu kutoka wodini alinipa maagizo mengi, lakini alilolirudia mara tatu ni kwamba nisicheke. Nisiinue kitu kizito kwa wiki sita, sawa. Nikikohoa nijibane tumbo kwa mto, sawa. Ninywe maji mengi na nile mapapai ili choo kisiwe kigumu, hayo pia nilikubali. Ila kucheka, alisema, ndiko kunakowarudisha wanaume wengi kwake, maana mtu huona amepona, anaketi na wenzake, anaangua kicheko, na mshono unaachia. Nikamwambia hapo asiwe na wasiwasi, mimi si mtu wa kucheka. Mke wangu Mirriam alikuwa amesimama kando na mfuko wa dawa.

"Hapo hajakudanganya, sista," akasema.

Wakacheka wote wawili. Mimi nikavaa viatu.

Naitwa Bedan. Natengeneza akala, viatu vya tairi, pale soko la Kariokor, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kukata tairi la lori kwa kisu si mchezo. Ngiri ilianza na uvimbe mdogo kwenye kinena. Nikauficha mwaka mzima kwa aibu, mpaka siku utumbo uliponasa nikaanguka kibandani mbele ya wateja. Nilipasuliwa siku hiyo hiyo.

Tunakaa Buruburu, ghorofa ya tatu, kwenye zile nyumba ambazo wenyewe wameziongezea vyumba juu ya vyumba. Maji ya mfereji hayapandi huko kwetu. Yanaishia kwenye tangi la chini, na kila mtu anajibebea. Ya kwetu miaka yote nilibeba mimi, mitungi minne kila asubuhi kabla sijaenda sokoni. Nilipokatazwa, jirani wa mlango wa pili akajitolea. Anaitwa Wakoli, fundi wa friji. Hatukumwomba. Alibisha tu siku ya pili baada ya mimi kurudi, mtungi wa lita ishirini kila mkono, wala hahemi.

Acha niseme wazi: nilimchukia kuanzia siku hiyo. Mke wake ni mwalimu huko Kimilili, huja Nairobi shule zikifungwa, kwa hiyo Wakoli hana anayemngoja nyumbani. Akishamimina maji kwenye pipa, anabaki huko huko jikoni. Mlango unafungwa. Nasikia sauti yake ya chini chini, haraka haraka, kisha kimya kidogo, halafu Mirriam anacheka.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na sita, na binti yetu Shiku yuko shule ya bweni. Kikohozi chake nakijua, na anavyoburuta kandambili akiwa na hasira najua. Kicheko kile sikukijua. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya, mpaka akawa anapiga kabati kwa kiganja akimwambia wacha bana, wacha. Mimi nilikuwa kwenye kochi na mto wangu tumboni, nahesabu. Jumanne mara mbili. Alhamisi mara tano.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja kila siku saa moja asubuhi, na mwenyeji alizidi kuungua. Sikuweza hata kulala kwa ubavu na kuwapa kisogo, maana mshono ulikuwa ukivuta. Nilibaki chali, nimeangalia dari, roho imenijaa sumu.

Siku ya tisa nikamwuliza Mirriam huwa wanaongea nini. Akasema ni mambo tu ya Wakoli, ya kazi zake za friji. Nikamwuliza mlango nao unafungwa kwa nini. Akanishangaa. Alisema sista mwenyewe ndiye aliyekataza nicheke, na Wakoli akianza huwezi kujizuia, kwa hiyo wananifungia nisijiumize. Alisema hivyo kwa upole kabisa, akanipa uji. Yaani wanajifungia kwa ajili yangu! Niliunywa ule uji, lakini sikuusikia ladha.

Jumamosi iliyofuata niliamka saa kumi na mbili. Nilitaka Wakoli akibisha akute pipa limejaa. Nilishuka polepole nikishika ukuta, nikajaza mtungi mmoja, nikauinua. Ghorofa ya kwanza nilifika. Nilipoanza ngazi za pili kitu kikavuta ndani, halafu pakawa moto. Niliketi kwenye ngazi. Nilipofunua shati, bandeji ilikuwa imelowa.

Na nani alinikuta? Yeye. Alikuwa anashuka na mitungi yake. Hakuniuliza nafanya nini, hata hakushangaa. Aliiweka mitungi chini, akaenda kumwita Mirriam, akarudi, akachuchumaa na kunipa mgongo.

Nilibebwa na mwanamume ninayemchukia, mikono yangu shingoni mwake, Mirriam nyuma yetu akilia na kunisema kwa Kikuyu. Shingo ya Wakoli ilinukia sabuni. Tulipokaribia mlango akasema, huku anahema kidogo, "Baba Shiku, hata friji ya milango miwili haijawahi kunikaba hivi."

Mirriam alicheka. Machozi yalikuwa bado yanamtoka, na alicheka. Safari hii hapakuwa na mlango katikati, nilikisikia chote.

Nyuzi mbili zilikuwa zimeachia. Daktari alinishona tena, akaniambia nianze kuhesabu wiki sita upya, na Sista Benta akasema bila shaka nimecheka. Mirriam alininyamazia siku mbili. Maji yaliendelea kuletwa.

Wiki sita hizo sitaki kuzikumbuka. Mwishowe nikakaguliwa, nikaambiwa nianze kazi kidogo kidogo, na nicheke nitakavyo. Jumapili ya wiki hiyo hiyo, baada ya kanisa, nikamwambia Mirriam apike chapati na amwite Wakoli tule pamoja. Alifurahi. Alidhani nataka kushukuru, na kushukuru nilishukuru, kwa mdomo. Nilichotaka hasa ni kumsikia huyu bwana kwa masikio yangu mwenyewe, mlango wazi, nijue ni kitu gani hicho ambacho mimi sina. Kama ni uhodari wa kusimulia, basi ni kipaji, na kipaji hakileti ugomvi.

Tulikula. Nikamwambia Wakoli atupe moja, ile iliyompendeza Mama Shiku zaidi. Akafuta mikono, akamtazama Mirriam, akaanza. Mama mmoja wa Umoja alimpigia simu kwamba friji haigandishi, nyama inaoza. Akaacha kazi nyingine zote akaenda. Kufika akakuta friji haijachomekwa kwenye umeme. Mama akasema aliichomoa ili ipumzike.

Mirriam alikuwa ameshainamia meza, mabega yanatikisika, anajifuta macho kwa leso. Mimi nilingoja inayofuata. Hapakuwa na inayofuata. Hadithi ilikuwa imeisha.

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku ya ngazi. Ingekuwa ya kuchekesha, ningepona.

Wakoli alipoondoka nilimfuata Mirriam jikoni. Alikuwa anaosha sahani. Nikamwuliza ile ya friji inachekesha wapi.

Alifikiri. "Haichekeshi," akasema. "Ila akisimulia huwa ananiangalia, aone kama nitacheka. Anangoja."

"Mimi nami nilikuwa hapo kwenye kochi. Nilikuwa nasikia kila siku."

"Ulisikia kicheko changu kwa sababu kilikuwa kwa mtu mwingine. Kilipopotea hapa ndani hukusikia. Miaka kumi na sita, Baba Shiku, hujawahi kuniuliza kilienda wapi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Kodi, karo ya Shiku huko bweni, mikono yangu yenye sugu. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Nikauliza lile nililolibeba miezi miwili.

"Unampenda?"

Akafunga maji. "Sijafika huko," akasema.

Hakusema hapana. Naomba uelewe, nilikuwa tayari kwa hapana, na hata kwa ndiyo nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Hilo la katikati sikulitegemea.

Basi nikamwambia jambo ambalo hata wewe unayesoma nimekuficha. Kule wodini, baada ya kupasuliwa, sikuruhusiwa kula wala kunywa mpaka nitoe hewa kwa chini, kuonyesha kwamba utumbo umeamka. Siku mbili Sista Benta alipita akiniuliza kwa sauti mbele ya wanaume kumi na mmoja, bado? Siku ya tatu akaja daktari mkubwa na wanafunzi wake, akaniinamia kusikiliza tumbo. Hewa ikachagua hapo. Wodi nzima ilipiga makofi. Sista Benta akatazama saa, akaandika kwenye faili.

Nilisimulia vibaya. Nilianzia kwenye makofi, nikarudi nyuma, nikasahau wanafunzi, nikawarudisha. Ila nilikuwa nikimwangalia, na nilingoja.

"Aliandika saa?" Mirriam akauliza.

"Saa tatu na dakika kumi."

Akageukia sinki. Mabega yalitikisika mara moja, kikatoka kicheko kidogo, cha puani, kikaisha. Si kile. Kile bado kilikuwa mlango wa pili, kwa Wakoli, na mimi nilikitaka, nilikitaka chote.

"Ngoja," nikamwambia, "kuna na ya chai waliyoniletea baadaye."

Hakukuwa na hadithi yoyote ya chai. Nilianza tu kusema.